Kicheko Kilichovuka Benchi Tupu

Waya, ndivyo Wajaluo tunavyomwita dada wa baba, ni daktari wa hesabu chuo kikuu. Majirani wa nyanya yangu walisikia "daktari" wakaishia hapo. Kila akija nyumbani Homa Bay, mtu hutokea na goti. Akisema yeye hatibu, wanaondoka wakinong'ona kwamba yule mama alisomesha binti bure. Nyanya alichoka.

"Nyakwara," akaniambia, maana yake mjukuu wangu, likizo ya Agosti nikiwa nimetoka shule ya bweni Uriri, "Jumapili utasimama kanisani uwaambie kazi ya waya wako. Si wewe unasoma hesabu?"

Hesabu nasoma, ndiyo. Kusimama ndiyo sijasoma. Hata ruhusa ya kwenda msalani mimi huomba kwa karatasi.

Waya alinipa orodha ya tafiti zake. Sikuelewa hata kichwa kimoja, kwa hivyo akanieleza. Fikiria jiwe lenye mashimo, mengine wazi, mengine yamezibwa bila mpango wowote. Mashimo wazi yakiwa machache, maji yanakwama. Unafungua mengine, bado yamekwama. Unafungua machache tena na ghafla maji yametokea upande wa pili. Yeye anatafuta hiyo ghafla iko wapi.

"Miaka hii yote?"

"Na bado."

Jumapili nilisimama, nikaangalia viatu vyangu. "Waya anachunguza vile maji hupita kwa mashimo."

"Kumbe ni fundi wa bomba!" akasema mzee wa kanisa. "Na mfereji wangu umeziba tangu Pasaka!"

Benchi la mbele likacheka, la pili likadaka, la tatu pia. Kicheko kikafika kwenye benchi tupu, kikafa. Nyuma yake kwaya walinyoosha shingo tu, hawakuwa wamesikia. Nyanya aliinamisha kichwa. Nilirudi kuangalia viatu vyangu.

Waya akaruka juu kutoka benchi la mbele, macho yanang'aa. "Ngojeni! Kimeishia wapi?"

"Nini?" mzee akauliza.

"Kicheko! Mama, hebu kaa kwa hilo benchi tupu."

Nyanya akaenda akaketi, amenuna. Papo hapo mwanakwaya akamgusa bega. "Mama, wanacheka nini?"

"Eti binti yangu ni fundi wa bomba."

Kwaya nzima ikaangua kicheko. Watoto waliokuwa dirishani nje wakacheka bila kujua sababu.

"Hiyo ndiyo kazi yake!" Sauti ilikuwa yangu, na sijui ilitoka wapi. "Ameongezeka mtu mmoja tu, na kimepita!"

Mzee akajikuna kidevu. "Aaa. Hiyo sasa nimeshika. Lakini mfereji wangu je?"

Jumatatu asubuhi jirani mmoja alikuja akichechemea, ameshika goti. Nyanya hakumwita waya. Alipanga viti uani, akaniita nikae kwa kimoja.

"Goti peleka hospitali," akamwambia. "Hapa nitakuonyesha kazi ya binti yangu. Keti pale. A-a, sogea huku. Ukiacha nafasi, kicheko hakitapita."