Nyoosha na Pumzi za Mama

Mtaani anaitwa Nyoosha, na jina hilo kalipata kwa jasho lake. Mpelekee mwimbaji anayekimbia mapigo kama kuku aliyeona kicheche, atakurudishia ametulia utadhani alizaliwa na saa kifuani. Studio yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la rangi: trei za mayai ukutani, godoro limeegemezwa mlangoni, na kompyuta ambayo feni yake inakoroma kuliko babu.

Kazi yenyewe si uchawi. Kila sauti ina traki yake, ukanda mrefu kwenye skrini. Ukanda huo umepigwa gridi, vijistari vya kuhesabia mapigo. Neno likichelewa, Nyoosha analivuta mpaka likae kwenye kijistari chake. Wenyewe wanaita kukwantaizi. Sauti ikipinda, ipo otitune ya kuiweka sawa. Fundi akikosea, ipo andu, anarudi nyuma kama vile hakugusa kitu.

Miaka mitatu iliyopita alimrekodi mama yake. Mama alikuwa mpiga pasi kwa dobi, na wimbo wake aliutunga palepale mezani: mstari mmoja, pumzi nzito ya kuinua pasi, kisha mstari mwingine. Neno la mwisho aliliburuta mpaka kola iishe. Nyoosha alipomvisha hedifoni zenye kliki ya kuhesabu mapigo, mama alizivua.

"Hiki kijogoo kinanidonoa sikio. Kitoe, niimbe."

Akaimba mara moja tu, akaenda zake kazini.

Mwana akamnyoosha, tena kwa mapenzi. Alizikata pumzi zote. Kila neno lililochelewa alilikokota hadi mstarini, akaisawazisha sauti mpaka ikang'aa, akaweka ngoma chini yake, akasevu, akafunga. Wiki iliyofuata kompyuta ikalalamika imejaa. Ikauliza: ifute sauti zisizotumika? Zisizotumika ndizo zile mbichi, zilizokwisha kupata nakala safi. Mteja alikuwa ameshakaa kitini anagonga gonga viatu. Nyoosha akabonyeza ndiyo, hata majina hakusoma. Na andu, ukishafunga kazi, haikutambui tena.

Mwaka huu mama akatolewa uvimbe kooni. Uvimbe ukaenda, na sauti ikaufuata. Amebaki na mnong'ono, wa kuusikia mpaka uiname.

Asubuhi moja akaja studio, kitambaa shingoni, dada mtu kamshika mkono.

"Mama anataka kusikia sauti yake," dada akasema. "Na usilete zile kesho zako, Nyoosha. Leo."

Nyoosha akageukia kompyuta. Akawasha wimbo. Ngoma zikapiga, dada akatikisa kichwa kwa raha. Mama akapunga mkono: ngoma zitoke. Nyoosha akabonyeza solo, ikabaki traki ya mama peke yake, uchi.

Mama akasikiliza mpaka mwisho, vidole vikitafuta pasi juu ya goti. Vilinyanyuka mahali pa pumzi, vikakuta neno jingine limeshaingia. Vikaacha.

"Nani huyu?" akanong'ona.

"Ni wewe, mama."

"Mimi hapana. Umenipiga pasi, mwanangu, mpaka nimeungua."

"Basi ile ya kwanza iko wapi?" dada akauliza. "Ile mbichi?"

Nyoosha akatazama kibodi. "Niliifuta."

"Uliifuta!"

"Naweza kurudisha pumzi," akasema haraka. "Nina faili zima la pumzi, nzuri tu..."

"Pumzi za nani?"

Feni ikakoroma.

Mama ndiye aliyewaonea huruma. Akakivuta kiti mpaka kwenye maiki, akaashiria: rekodi. Nyoosha akakimbilia vitufe kama mtu aliyesamehewa. Kliki hakuiweka. Mama akaimba kwa mnong'ono, wimbo wote, na pumzi zake zote mahali pake, na neno la mwisho akaliburuta. Dada alilia kimyakimya, akijifuta kwa kiganja.

Nyoosha alipoinua macho, ukanda kwenye skrini ulikuwa umenyooka kama kamba ya kuanikia. Hakuna kitu. Geti lilikuwa limefungwa. Maiki ile ameitegea geti siku zote, kichujio kinachozuia kila sauti ndogo, ili feni na kelele za barabarani zisipite. Mama naye hakupita.

"Mama, samahani. Turudie. Mara moja tu, nimeshalitoa."

Mama alikuwa ameshasimama, anajifunga kitambaa vizuri.

"Nimechoka, baba. Siku nyingine."

Dada akapita mbele yake bila kumtazama. "Fundi!" akasema, akalisukuma godoro pembeni.

Tangu hapo geti liko wazi, na waimbaji wananung'unika. "Nyoosha, mbona feni inasikika kwenye wimbo wangu? Na hapa nimechelewa, hunivuti?"

"Iache," anawaambia. "Vuta pumzi, imba."

Kila Jumamosi hupita kwa mama na kumuuliza, kwa utani, kama koo limepumzika. Mama hutabasamu, humkaribisha chai. Siku yenyewe bado hajaitaja.