Mkata Filamu wa Hurlingham na Tabasamu la Macharia

Saa tisa alasiri, Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa huko Kabiria. Madirisha yamezibwa kwa mablanketi na joto la watu limeanza kupanda. Mwanamke aitwaye Mgeni Idarus ameinama juu ya mashine ya kuonyeshea sinema, anapitisha utepe wa filamu kwenye meno ya gurudumu la mashine. Utepe unamponyoka, anaanza upya.

Nyuma yake, kwenye benchi la karibu na mlango, ameketi Macharia, fundi viatu. Amewekwa hapo makusudi, ili mambo yakiharibika apate pa kutokea.

"Anza basi, mama wa sinema!" mtu anapaza sauti. "Hatukukuja kulala hapa."

Mgeni, mwenye umri wa miaka thelathini na mitatu, ni mzaliwa wa Mombasa. Kazi yake ni kukata na kuunganisha filamu katika kampuni ndogo iliyoko Hurlingham. Hushinda mezani na mkasi na gundi, macho yakimuuma, akitengeneza filamu fupi zinazozungushwa kwa lori mitaani na vijijini: namna ya kupogoa kahawa, namna ya kuosha mtoto mchanga.

Filamu moja ya kampuni hiyo, ambayo yeye hakuigusa, ndiyo iliyomleta hapa.

Mapema mwaka huu wa 1974, moto uliteketeza vibanda kumi na vinane katika soko la Kabiria. Kampuni ilipiga picha ili kuwafunza wachuuzi kujikinga. Lakini filamu ilipoonyeshwa uwanjani, hakuna aliyejifunza kujikinga. Watu waliona mabati yakijikunja kwa moto, na papo hapo wakaona uso wa Macharia, anatabasamu.

Kibanda chake, cha mwisho kwenye safu, kilikuwa kimenusurika, basi watu wakaamua ndiye aliyechoma soko. Kufikia asubuhi kilikuwa kimebomolewa. Macharia alikimbilia kwa shemeji yake, mtunza bustani huko Karen, na kamati ya soko ikampiga marufuku kukanyaga sokoni.

"Hiyo picha walinipiga siku ingine, nikishona kiatu," anasema Macharia. "Lakini nikisema hivyo, nani ataniamini?"

Aliyeiunganisha filamu hiyo alikwisha acha kazi, na mpiga picha hakumbuki siku. Ndipo Wangui, mke wa Macharia, alipofunga safari hadi Hurlingham, akamkuta Mgeni mezani pake.

"Dada, wewe ndio unajua hii maneno ya sinema," alimwambia. "Kuja uwaambie bwana yangu hakuchoma soko. Watoto wangu wanapigwa mawe wakienda kuteka maji."

Mgeni hakulala vizuri wiki hiyo. Miaka minne nyuma, kampuni ilimpeleka ng'ambo kwa kozi ya miezi tisa, na huko alifundishwa nadharia ambayo, asema, hakuwahi kufikiri ingemfaa nje ya darasa.

"Picha haisemi peke yake," aeleza. "Huazima maana kwa picha iliyo kando yake. Mkasi na gundi huziunganisha, lakini mwenye kuzipa maana ni mtazamaji. Kisha nikaangalia kamera ilisimama wapi. Iliwekwa chini, ikaelekezwa juu usoni pa Macharia. Mtu yeyote ukimpiga hivyo atatoka jitu lenye kiburi."

Kuyasema hayo kwa maneno matupu, alijua, kungekuwa kazi bure. Alitaka watu wayaone. Akamwendea Zedekiah, meneja wake, kuomba nakala chakavu za filamu za kampuni.

"Chukua, uonyeshe, urudishe," Zedekiah alimjibu. "Lakini hizo ni mali ya kampuni. Ukitia mkasi, usije ukanililia."

Mgeni akatia mkasi.

Sasa, gizani, mashine inaguruma. Ukutani anatokea mtoto anayeogeshwa, kisha mkulima wa kahawa, mtu asiyejulikana hapa, anatabasamu kidogo. Mgeni anauliza wameona nini.

"Baba anapenda mtoto wake," wanajibu.

Linapita jeneza, kisha mkulima yule yule. Watu wananung'unika. "Huyo amebaki na shamba," mzee mmoja asema, na wachache wanacheka.

Kisha moto wa soko. Mkulima anatabasamu.

"Ona!" Waceke, muuza nguo aliyepoteza kila kitu siku ile, anasimama. "Saa hii anacheka vibaya! Hata macho imebadilika!"

Mgeni anazima mashine na kuomba mablanketi yafunguliwe. Anawaambia kwamba hakuna kilichobadilika. Kipande ni kile kile, amekitoa katika nakala tatu za filamu moja ya kahawa. Anaupitisha utepe kwa watu wa mbele, waukague dirishani.

Palepale vurugu zinazuka. Benchi linaanguka. Waceke anamjia Mgeni hadi pumzi zao zinakutana.

"Unaniambia macho yangu ni ya mjinga? Mimi nililala nje na watoto!"

"La, mama. Macho yako yamefanya kazi ya macho. Hata mimi, siku ya kwanza kuonyeshwa picha za namna hii darasani, niliona hivyo hivyo."

Haron, mwenyekiti wa kamati ya soko, anagonga meza mpaka kelele zinapungua. "Mwalimu, nijibu moja tu. Macharia alichoma soko au hakuchoma?"

Kila uso unamgeukia. Wangui amekunja leso mkononi. Neno moja tu lingetosha kumaliza yote.

"Sijui," anajibu Mgeni. "Sikuwapo. Na hii filamu pia haijui."

"Nilikuita umtetee!" Wangui analia.

"Namtetea kwa picha, dada. Kwa moto siwezi, ningekuwa nasema uongo kama ile filamu."

Haron anaugeukia ukumbi. "Wacha sinema. Nani alimuona Macharia, kwa macho yake mwenyewe, akiwasha ule moto? Asimame."

Hakuna anayesimama. Haron anamtazama Waceke. Waceke anatazama sakafu, kisha anarudi kuketi.

Jioni hiyo kamati iliondoa marufuku. Macharia sasa anashona viatu chini ya turubai mahali palipokuwa na kibanda chake. Wapo wanaompita bila kumsalimu. Chanzo cha moto bado hakijajulikana.

Mgeni naye alilipia. Jumatatu Zedekiah alimwondoa kwenye meza ya kukatia na kumweka stoo, apange makopo ya filamu. "Nilimuonya," ndiyo kauli pekee aliyoitoa meneja huyo alipoulizwa.

"Naumia, sikatai," asema Mgeni. "Lakini kama ningemkatalia Wangui, ningeketi pale mezani kila siku nikimwona na leso yake."

Mwezi ujao anapanga kuanza darasa la Jumamosi katika ukumbi ule ule, la kuwafunza watu kusoma sinema: kamera imesimama wapi, nini kimetangulia, nini kimeachwa nje. Haron amekubali kumpa ufunguo.

Wa kwanza ambaye Mgeni alimwendea kumwalika alikuwa Waceke, aliyekuwa kwenye kibanda chake kipya akipanga mitumba. Hajamsamehe Macharia, na hasemi atamsamehe.

"Nitakuja," alimwambia Mgeni. "Lakini nitakaa mbele kabisa, na nitabisha kila kitu unasema."

Mgeni anacheka akisimulia hayo. "Huyo ndiye mwanafunzi ninayemtaka."