Kamba Tatu za Kitita cha Posa

Mke wangu akitaka kuninyamazisha mbele ya wageni huuliza tu kama upepo wa leo unatosha, na wageni wanaojua habari hiyo hucheka mpaka chai inawapalia. Kwa kuwa aibu yangu imeshazunguka mji wetu wa Laare wote ikiongezewa chumvi, afadhali niisimulie mwenyewe.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa mwalimu wa darasa la sita, na Jumatatu nilitakiwa kufundisha namna ya kutengeneza tiara katika Sanaa na Ufundi (somo nililolijua kwa kuwatangulia wanafunzi ukurasa mmoja). Jumamosi kabla ya hapo tulipaswa kwenda Mikinduri, kwao mchumba wangu Kagendo, kupeleka kitita cha miraa cha posa. Kwetu kitita hicho hakichezewi: mzee huchagua miraa, huifunika kwa majani ya mgomba, huifunga kwa kamba za mgomba, na akishafunga hakifunguliwi mpaka kifike mikononi mwa baba wa msichana. Chetu kilifungwa Ijumaa jioni na baba mdogo, Mzee Mutuma, ambaye pia ndiye angekuwa msemaji wetu. Alitumia kamba sita (nilizihesabu, ndiyo tabia yangu), kisha akakilaza chumbani kwangu kwa sababu baridi ya humo ingeiweka miraa mbichi.

Asubuhi nikaona nitengeneze tiara ya mfano kabla ya safari. Nilikuwa na vijiti viwili vya mwanzi, gazeti, uji mzito wa ngano wa kugandishia na uzi wa cherehani wa kurushia. Kilichokosekana ni kitu cha kufungia vijiti pale vinapokutana, na cha mkia, na duka lilikuwa halijafunguliwa. Nikatazama kitita. Kamba sita kwa mzigo mdogo hivyo, nikajiambia, ni uharibifu. Nikafungua tatu. Majani yakalegea, nikayabana kwa uzi wa nailoni wa samawati niliouchomoa kwenye gunia la mbolea, nikakigeuza upande huo chini, nikaridhika. Kisha (hapa ndipo akili iliponiaga) nikaibeba na tiara yenyewe, kwa kuwa Kagendo pia alikuwa mwalimu na nilitaka aione.

Tulipokelewa vizuri. Tiara niliiegemeza mlangoni. Baba Kagendo akapokea kitita kwa mikono miwili, akakigeuza, akaona samawati. Alimpa mzee wa pili, naye akampa wa tatu, kitita kikazunguka chumba kizima huku Mzee Mutuma akikodolea macho viatu vyake. Kiliporudi, Baba Kagendo akatazama mlangoni, akauona mkia wa tiara.

“Mwalimu,” akasema taratibu, “ulifungua kitita cha binti yangu ili ufunge hiyo?”

Nikakubali. Nikaeleza habari za silabasi, na hakuna aliyesaidika. Mzee mmoja akauliza kitu hicho hufanya nini, nikajibu kwamba huruka.

“Basi iruke,” akasema Baba Kagendo. “Ikiruka tutaongea. Isiporuka, mrudi kwenu.”

Watu wote wakatoka nje, na wanawake wakaacha sufuria motoni. Nilikimbia uani na suti ya kuazima, nikakimbia tena, nikakimbia mara ya tatu, na tiara ikanifuata chini chini ikiparura vumbi kama kuku aliyefungwa mguu. Mama mmoja akauliza kama mwalimu huyu hufundisha watoto au hukimbia tu. Mzee Mutuma alikuwa ameshachukua kofia yake.

Ndipo Kagendo, ambaye siku hiyo hakutarajiwa kufungua mdomo, akasema kutoka mlango wa jikoni, “Mkia ni mzito.”

Kamba zilikuwa bado mbichi. Nikatoa moja, nikakimbia, tiara ikapanda, ikapita paa, uzi ukakatika, ikaishia kwenye miraa ya jirani.

“Imeruka,” akasema Baba Kagendo. “Tumeongea. Sasa nendeni mkalete kitita ambacho hakijafunguliwa.”

Tulirudi baada ya wiki mbili. Mzee Mutuma alikifunga kwa kamba kumi na mbili na akalala nacho.

Tangu hapo sifungui fundo ambalo sikulifunga mwenyewe. Hata mfuko wa sukari humngoja mke wangu, naye huufungua polepole, akichungulia dirishani kama majani yanatikisika kwa upepo.