Siku Mama Nje Alipotolewa Nje

Kliniki nzima ilimwita Mama Nje, na mwenyewe jina hilo alijivunia. Kila mjamzito au mama aliyejifungua alipofika kuulizwa hali ya moyo wake, mkunga huyu aliwatoa kwanza wote waliomsindikiza: waume, dada, na hasa mama wakwe. "Mbele ya mkwe kila mtu hajambo," alisema. "Nje!" Wapo walionuna, na mmoja aliapa kumshtaki. Hakubabaika. Mlango ukishafungwa, alisikia mengi: vilio visivyo na sababu, usingizi uliogoma, na mawazo kwamba heri mtoto alelewe na mwingine.

Kisha binti yake mwenyewe akapata kifungua mimba, mtoto wa kiume, mzima wa afya. Lakini mkunga alimwona binti akimwogesha mwanawe barabara bila kumtazama usoni, na kukodoa macho kitandani hata mtoto akilala fofofo. Kila akiulizwa: "Sijambo, mama. Uchovu tu." Mwanamke aliyewafungua wageni midomo, kwa mwanawe aligonga mwamba. Aliogopa sana, maana alijua hali hiyo ikiachwa humfikisha mtu pabaya.

Akamleta kliniki, akaketi kando yake, mjukuu mapajani. Aliyepaswa kuuliza ni nesi kijana ambaye Mama Nje mwenyewe alimfundisha kazi. Kabla ya kuuliza lolote, nesi alimgeukia mkubwa wake.

"Mama, samahani. Nje."

"Mimi?"

"Si wewe ndiye mama yake?"

Damu ilimchemka. Miaka yote ile, leo atimuliwe na mtoto wa jana! Lakini alinyanyuka, akambeba mjukuu, akatoka. Akina mama waliokuwa kwenye benchi walicheka mpaka wakashika mbavu. Akawaambia wacheke taratibu, mtoto amelala.

Alikaa pale roho juu, masikio yote mlangoni. Hakusogea.

Binti alitoka macho mekundu. "Naanza matibabu, mama. Nimemwambia yote. Hata yale ambayo wewe nisingekuambia kamwe."

Maneno hayo yalimchoma, tena sana. Ila fahari iliyompanda kifuani iliushinda uchungu: fahari ya binti aliyethubutu kusema, na ya nesi aliyethubutu kumfukuza.

"Hongera, mwanangu," alisema. "Ya humo ndani ni yako. Sitakuuliza."