Masalio ya Mlango wa Mlowo

Mkono wa kulia wa Gwamaka una vidole viwili visivyokunjika. Zamani, akiwa kijana wa kubeba magunia, aliusukuma mlango wa kioo wa ofisi moja ya ghala, kioo kikavunjika, kiganja kikapita mpaka upande wa pili. Mwingine angekichukia kioo maisha yake yote. Yeye alipopona alikwenda kujifunza ufundi wake, akafungua karakana Chapwa, hapa Tunduma. Wateja wake wote wanaujua msemo wake: “Mlango wa ofisi ni temper. La sivyo, weka mbao.”

Temper ni kioo kilichochomwa kiwandani kikawa kigumu. Kikivunjika humwagika punje punje kama chumvi ya mawe, hakimchani mtu. Lakini hukatwa kwa kipimo kabla ya kuchomwa. Kikishachomwa, ukikigusa kwa kisu cha kioo, chote kinapasuka.

Vioo vingine alikuwa akivikata Luka, maana vidole vya Gwamaka havishiki kisu. Luka aliletwa na mama yake kutoka Isansa, hajui hata bisibisi inashikwaje. Mwaka wa sita huu anakula meza moja na fundi wake. Ukimsifia Gwamaka kwa kazi safi, anamwonyesha Luka kwa kidevu: “Vidole vyangu vile pale, vinatembea.”

Mwezi uliopita walipata kazi Mlowo, mlango wa ofisi ya wanunuzi wa mazao. Malaria ikamlaza Gwamaka, Luka akaenda kufunga peke yake. Gwamaka alipopata nguvu alikwenda kukagua. Akainama, akaiona kwenye kona alama ya temper, ile inayopigwa kiwandani. Akabandika tepu nyekundu kwa mkono wake, mstari mmoja usawa wa macho ya mtu mzima na mwingine chini, kwa ajili ya Lucky, mtoto wa karani Violet, anayeshinda pale ofisini.

“Huyu hata akijigonga, Dada Violet, utamkung’uta punje tu.”

“Fundi, huyu hagongi. Huyu anapigana vita!” Violet akacheka.

Jumapili, baada ya ibada, Eva, mke wa Gwamaka, alimletea picha ya marehemu mama mkwe wake ndani ya fremu yenye kioo kipya.

“Kioo umetoa wapi?”

“Shemeji Luka kanipa. Anasema ni masalio ya ule mlango wenu wa Mlowo.”

“Masalio?”

“Sasa nimekosa nini, Baba Nuru?”

“Wewe hujakosa.”

Alipitisha kidole gumba ukingoni. Ukingo ulikuwa mkali, umekatwa kwa kisu. Temper haina masalio. Chai yake ikapoa mezani.

Jumatatu asubuhi Gwamaka alisema tu, “Beba turubai na ubao mmoja. Mlowo.”

“Kuna nini, bro?”

“Kazi.”

Njiani Luka alitania kwamba malaria imemwachia fundi homa ya ukimya. Gwamaka alitazama nje.

Walipofika, Lucky alikuwa anakimbia kuja mlangoni, mikono yote miwili mbele.

“Mshike mtoto!” Gwamaka alipiga kelele. Violet akamdaka kiunoni.

“Fundi, si ulisema hiki hakina shida?”

Gwamaka alimgeukia Luka. “Ni temper?”

“Si uliona alama?”

“Niliona. Kipige kwa goti.”

Luka akacheka kidogo. “Bro, mbele ya wateja?”

“Kama ni temper, kipige kwa goti.”

Luka akaangalia viatu vyake. Watu wawili waliokuja na sampuli za maharage walisimama na vifuko vyao mkononi.

“Alama nilichora mwenyewe kwa dawa ya kuchorea kioo,” alisema hatimaye. “Temper ilichelewa, wewe uko kitandani, wanatusumbua. Nikasema itakaa tu. Na hakuna aliyeumia, bro.”

Gwamaka alifungua kiganja chake cha kulia. Vidole viwili vikabaki vimesimama. Luka alikuwa ameviona vidole hivyo kila siku kwa miaka sita, kila mlo.

“Dada Violet,” alisema Gwamaka, “nilikwambia uongo bila kujua. Temper itakuja, nitaifunga mwenyewe. Leo mlango utakuwa wa mbao.”

Akatwaa bisibisi, akaishika kwa vidole vitatu, akaanza kulegeza fremu. Ikateleza. Luka akanyoosha mkono kuichukua, kama alivyozoea.

Gwamaka akausogeza mkono ule pembeni, taratibu, akaiokota bisibisi mwenyewe. Ikateleza tena. Akaiokota tena.