Ngazi ya Bwawa

Mjukuu wangu akirudi kuogelea, taulo lake hunuka ile dawa ya bwawa, nami nasisimka mwili mzima. Na hapa mtaani Sakina watu wanalalamika baridi, hawaijui. Bwawa la shule yetu lilijazwa maji ya mfereji kutoka mlima Meru, yanaingia hadi kwenye mifupa. Mwalimu wetu wa mpira wa majini alikuwa na tumbo kubwa, na timu zake hazikuwahi kufungwa, hilo sitamnyima. Tukishaingia tu, anaichomoa ngazi ya chuma, anaikalia. Sisi tunaelea kwa kupiga miguu, mikono juu, mpaka airudishe mwenyewe.

Siku moja mama akatokea na kichane cha ndizi. Nikajua nimepona.

"Shikamoo mwalimu. Huyu wangu mbona anatetemeka hivi?"

"Marahaba, mama. Huyu ndiye kipa wangu. Bila yeye hatuna kombe."

"Kumbe!" Mama akamkabidhi zile ndizi. "Basi mkazie, mwalimu."

Nikamnyooshea mama mikono yote miwili anivute nitoke.

"Mnamwona mwenzenu?" mwalimu akawaambia wengine. "Mikono inainuliwa namna hiyo."

Mama akanipigia makofi.