Ganda la Risasi na Baritoni la Baba

Baba yangu hajawahi kukubali kwamba meno ndiyo yaliyomtoa kwenye bendi ya kanisa. Atakwambia ni mwalimu wa bendi, atakwambia ni yule mpiga ngoma asiyejua kuhesabu, mara vumbi la barabara. Ukweli ni kwamba tarumbeta linataka meno ya mbele, na ya baba yalishamuaga moja moja. Ya bandia nayo yaligongana kila alipopuliza. Basi akalisukuma baritoni lake, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, chini ya kitanda, akastaafu kwa hasira. Tangu hapo, kila Pasaka bendi ilipopita alfajiri mbele ya nyumba yetu hapa Igoma, alibaki kitandani akisikiliza huku amenuna. Alisema katikati ya wimbo pana shimo. Hapo ndipo ilipokuwa sauti yake, na hakuna aliyeipiga.

Mimi nauza vitenge karibu na stendi ya Buzuruga. Pumzi ninayo, maana kutwa nzima kazi ni kuita wateja. Nilipomwambia baba kwamba nitajifunza hilo baritoni ili Pasaka aisikie sauti yake, hakucheka sana. Alicheka kidogo tu. Halafu akasema kwa upole, na baba si mtu wa upole, kwamba hajui amebakiza Pasaka ngapi na asingependa kuondoka na lile shimo masikioni. Roho iliniuma. Maji nilikuwa nimeshayavulia nguo, ikabidi niyaoge.

Shida ikawa mauspisi, kile kikombe kidogo cha shaba ambacho mpigaji huwekea midomo. Cha zamani kilipotea miaka ile baritoni lilipokaa chini ya kitanda. Nikapata kingine kwa jamaa mmoja wa Mirongo anayeuza vyombo vya muziki vya mitumba, nikarudi nacho kwa mbwembwe, nikakichomeka. Kikacheza ndani kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha mtu mzima. Mkia wake ulikuwa mwembamba na tundu la baritoni ni pana. Nikazungushia uzi, nikazungushia nailoni, na gundi nikapaka. Upepo ukawa unatoka pembeni, fyuu, na baba akaniuliza kama nachochea kuni.

Fundi wetu wa mtaani, anayechomelea mageti na kufua visu na majembe, ndiye aliyesema tunahitaji kibomba chembamba cha shaba cha kukaa kati ya mkia na tundu. Nilipomweleza baba nyumbani, akatazama juu ya kabati la vyombo. Pale, kando ya picha ya harusi, yalikuwepo maganda matatu ya risasi, matupu, marefu na manene kama kidole. Ujana wake wote baba alikuwa askari wa wanyamapori, na kazi yake kubwa ilikuwa viboko waliokuwa wakimaliza mashamba ya watu kando ya ziwa. Akachukua maganda mawili, la tatu akaliacha. Tukaenda kwa fundi.

Fundi akakata kitako cha ganda la kwanza kwa msumeno wa chuma. Kilichobaki ni kupanua mdomo wake kidogo, kwa kulisukumia kwenye nondo aliyoichonga ikawa na ncha. Baba alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, anatoa amri kana kwamba bado yuko porini. Akasema gonga. Fundi, kwa heshima ya mzee, akagonga, na ganda likapasuka kuanzia mdomoni hadi katikati. Basi fundi akaeleza kwamba shaba iliyokwisha kufuliwa ni ngumu, lazima ilainishwe motoni kwanza. La pili likawekwa kwenye mkaa unaopulizwa na feni, moto ule ule wa majembe. Tuligeuka kumsalimia mteja, na tulipogeuka tena ganda lilikuwa linatoa moshi mweupe, limejikunja, limekwisha. Nikatoa neno ambalo mwanabendi wa kanisa hapaswi kulijua.

Likabaki lile la kabatini, na nilijua kwa nini baba aliliacha. Alipokuwa bado mgeni kazini, kiboko mmoja alilala kwenye shamba la viazi la bibi msimu mzima, na baba ndiye aliyempiga, kwa risasi ya ganda hilo. Bibi hakuwa mtu wa kusifu, lakini siku hiyo alicheza mbele ya kijiji kizima akilitaja jina la mwanawe. Baba husema ndiyo siku pekee aliyosifiwa na mama yake. Nilimwambia tuache, nitatafuta mauspisi nyingine hata Shinyanga, na nilikuwa namaanisha. Akalishusha mwenyewe, akalifuta kwa shati, akaligeuza geuza.

"Mayu," akaniita, yaani mama kwa kilugha chetu, kama anavyoniita akiwa hataki ubishi, "risasi ilishatoka. Hili ni ganda tu."

Safari hii fundi alikataa kuharakishwa. Alianza kwa kujaribia kipande cha bomba la shaba la redieta ya gari. Akakipasha taratibu mpaka rangi ikaanza kugeuka, akakitumbukiza majini. Baba aliruka kutoka kwenye ndoo. Jembe ukilitoa motoni ukalizamisha linakuwa gumu, nani asiyejua hilo? Fundi mwenyewe alikuwa na wasiwasi huo huo. Akakiokota, akakibonyeza kwa vidole, kikalala kama ugali wa moto. Wakatazamana. Baba akasema shaba haina adabu, na kwake huko ndiko kuomba radhi. Ganda likakatwa kitako, likapashwa mdomo tu, likazamishwa, likasukumwa polepole, likapashwa tena. Mwisho likapigwa msasa. Nilipolivika kwenye mkia wa mauspisi na kuchomeka, halikutikisika. Nikapuliza, na ng'ombe aliyekuwa anapita akasimama.

Baada ya hapo majirani walinichukia, na walikuwa na haki. Baba alinifundisha kwa mdomo tu, bonyeza hiki, achia kile, lakini baritoni lenyewe alikataa kulishika. Alisema si lake tena.

Asubuhi ya Pasaka mimi na bendi tulikata kona ya kwetu kukiwa kumeanza kupambazuka. Baba alikuwa nje, amevaa koti juu ya nguo za kulalia, ameegemea fimbo, meno ameyasahau ndani. Kumwona tu, ubeti wa pili ukanitoka kichwani wote. Mashavu yamejaa upepo, vidole viko juu ya vitufe vitatu, na sijui nibonyeze kipi. Bendi ikaendelea bila mimi. Shimo likafunguka pale pale, mbele yake, na niliona uso wake ukisawijika.

Kisha akainua fimbo mpaka kifuani. Vidole vyake vitatu vikaanza kubonyeza juu yake, kimoja, viwili, vyote, kimoja. Nikaacha kumtazama kiongozi wa bendi, nikawa nabonyeza anachobonyeza. Baba alikunja midomo yake isiyo na meno, akapuliza hewa tupu, na sauti ikatokea kwangu.